Miguu ya Yaya Janvier

Wiki iliyopita nilipiga teke beseni la maji ndani ya salon moja hapa Goma, msichana wa watu akalowa kuanzia kifuani mpaka magotini. Hakuwa na kosa. Kesho yake tulikuwa tunaondoa matanga ya Mama, na binti yangu alikuwa amenisukuma niende nikatengenezwe nywele na miguu, nisije nikaaibisha ukoo mbele ya wageni. Nywele nilikubali. Miguu sikutaka, lakini yule msichana alikuwa na mdomo mtamu, akaniketisha, akaleta maji ya vuguvugu, akatoa kachupa kadogo mfukoni mwa aproni.

"Mama, hii ni mafuta ya kaliptusi. Inapumzisha miguu, utasikia vile."

Nikasikia kweli. Tone la kwanza lilipogusa maji harufu ikapanda, na mguu wangu ukaruka wenyewe. Beseni likaenda huko, kachupa huko. "Itoshe! Itoshe hapa hiyo kitu!" Nilipiga kelele aiondoe, hadi wanawake waliokuwa wakisukwa wakageuka na vichwa nusu nusu. Mimi ni mtu wa hasira, nakubali, hata mume wangu anajua, lakini ile haikuwa hasira. Nilitoka na viatu mkononi, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, nikatembea pekupeku juu ya mawe meusi ya Majengo mpaka nyumbani.

Mama yangu alikuwa anatengeneza miguu ya watu. Usifikirie salon. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya lava kama nyumba zote za avenue yetu, na nyuma yake kulikuwa na jiko la makaa na sufuria moja kubwa iliyojaa majani ya kaliptusi. Ndani ya sufuria, katikati ya majani na maji, Mama aliweka bakuli juu ya jiwe. Kifuniko alikigeuza juu chini, akamwagia maji baridi mgongoni. Mvuke ulipanda, ukakutana na ubaridi wa kifuniko, ukadondoka bakulini tone kwa tone. Baadaye aliengua yale mafuta machache yaliyoelea, akayatia katika vichupa vya sindano vyenye vifuniko vya mpira. Matone kumi katika kopo la siagi ya ng'ombe, basi, dawa imekwisha. Siagi ilitoka kwa Papa Maziwa, jirani yetu, mzee mpole aliyeshuka na baiskeli kutoka malishoni Masisi, makopo ya maziwa yakigongana nyuma yake.

Waliokuja walikuwa hasa wanawake wa mizigo, wanaobeba maharage na makaa juu ya lava mwaka mzima mpaka nyayo zinapasuka magaga ya kuingiza kucha. Wengine walitoka hadi Kiwanja, wakisikia kwamba Majengo kuna mama mwenye mkono. Mkono alikuwa nao! Alilowesha mguu, akamkalia mwenye mguu pajani asikimbie, akasugua kisigino kwa jiwe la volkano lenye matundu. Alisugua kama mtu anayefua gunia. Damu ilitoka, maji yakabadilika rangi, mama wa watu akalia na kutaja watakatifu wote.

"Unalia nini?" Mama angemuuliza. "Mwaka muzima mguu unapasuka, ulikuwa unangoja nani?"

Halafu siagi, na ghafla mkono ule ule unakuwa laini, na mgonjwa anaanza kusinzia. Mimi nilikuwa na sheria moja tu pale nyuma ya nyumba. Miguu ya watu haisemwi inje. Ukiona kidonda, umenyamaza. Ukiona mwanamke ana alama za kamba, umenyamaza.

Kwa ajili ya Mama, miguu yangu ilikuwa safi kuliko ya mtoto yeyote shuleni. Kila Jumatatu direktere, mkuu wa shule, alitupanga mstari, viatu mkononi, akapita na fimbo. Kucha chafu, fimbo. Visigino vyeupe kwa vumbi, fimbo mbili kwenye shavu la mguu. Akifika kwangu alisema, "Muone huyu," na darasa zima likanipigia makofi. Nilikuwa na miaka minane, na kwa akili yangu yote dunia ilikuwa hivyo: mtu mkubwa anapita, anaangalia miguu, mchafu anapigwa, msafi anasifiwa.

Sasa Yaya Janvier. Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, na huyu alikuwa kaka yangu wa pekee, miaka kumi na saba, mrefu, mwenye kucheka hovyo. Alikwenda Kiwanja kwa muyomba, kaka wa Mama, kusaidia kuvuna maharage, akakaa miezi minane bila habari. Alirudi mchana mmoja wa mvua, amepita nyuma ya nyumba, amekonda, miguuni ana mabote ya mpira. Hakusalimia. Aliketi tu juu ya bido, lile dumu la maji, akasema, "Mama, hayatoki."

Hayakutoka kweli. Mama aliyapasua kwa kisu cha jikoni kuanzia juu mpaka kifundoni, na alipovuta, ngozi ya nyayo ikaja pamoja nayo. Harufu ile sijaisahau. Katikati ya vidole nyama ilikuwa nyeupe, imeoza. Chini ya goti, pale mdomo wa bote ulipokuwa ukisugua mchana na usiku, kulikuwa na pete nyeusi imezunguka mguu, bila unywele hata mmoja. Mama aliishika ile pete kwa vidole viwili, akaiangalia muda mrefu, kisha akaenda kuchukua jiwe.

Niliambiwa ni matope ya shamba la muyomba. Nikaamini, kwa nini nisiamini? Kumbe watu wa bunduki walimkamata njiani, wakambebesha masanduku ya risasi porini miezi yote ile, mpaka alipowatoroka. Na mjini kulikuwa na watu wengine wa bunduki, maadui wa wale wa kwanza, waliokuwa wakiwatafuta vijana waliotoka pori. Hawakuuliza maswali. Walitafuta pete ya bote. Hayo yote niliyajua baadaye, nilipokuwa sina tena la kufanya nayo.

Nilichokiona ni siku tisa za mateso. Asubuhi na jioni Mama alimlowesha Yaya katika maji ya chumvi na kaliptusi, akamsugua kwa jiwe kuanzia nyayo hadi gotini. Yaya aliuma taulo. Mara moja maumivu yalimzidi akampiga Mama teke la kifua, Mama akaanguka juu ya makaa, akainuka, akamchapa makofi matatu ya uso, pa pa pa, kisha akaushika ule mguu akaubusu. Mimi nilidhani anamwadhibu kwa kukaa miezi minane bila kututumia salamu. Nilimwonea huruma, lakini kidogo nilifurahi pia, maana nilikuwa nimemngoja sana.

"Nataka miguu ya mutoto wa masomo," Mama alikuwa akisema kwa meno yaliyokazwa. "Miguu ya mutoto wa masomo, unasikia?"

Akaipata. Mchana alimkalisha nyuma ya nyumba, miguu juani, rangi irudi sawasawa. Siagi aliipaka mara tatu kwa siku. Siku ya tisa ile pete ilikuwa imefutika, na nyayo zilikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga. Yaya aliweka mguu wake kando ya wangu tukapima. Wake ulishinda. "Direktere angenipigia makofi," akaniambia, na ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu arudi.

Walikuja Jumamosi asubuhi, jua limekwisha kupanda. Filimbi pande zote mbili za avenue, viatu vizito, milango ikigongwa kwa vitako vya bunduki. "Wanaume wote inje! Wanawake mubaki mu nyumba!" Watoto hatukutajwa, tukatoka kutazama. Wanaume walipangwa mstari kando ya ukuta wa mawe. "Vua viatu! Kunja suruali!"

Nikaelewa mara moja. Ukaguzi! Nikatazama hata kucha zangu mwenyewe.

Mkubwa wao alikuwa mtu wa sauti ya chini, anatafuna karanga kutoka mfukoni huku anapita. Aliangalia miguu mmoja mmoja. Alipofika kwa Yaya Janvier aliinama, akaangalia chini ya goti, akaangalia nyayo. "Masomo?" akauliza. "Ndiyo, mukubwa," Yaya akasema. Mkubwa akapita. Moyo wangu ulijaa. Niligeuka kuangalia nyumba yetu, na katika ufa wa mbao nikaliona jicho la Mama.

Aliyefuata alikuwa Papa Maziwa. Maskini, yule mzee alivaa mabote kila siku ya Mungu kwa sababu ya matope ya ng'ombe, na pete yake ilikuwa nyeusi, pana, ya miaka mingi.

"Ulitoka pori lini?"

"Mukubwa, mimi ni mutu wa maziwa. Uliza hawa wote. Ngombe inakaa mu matope."

Hawakumuuliza mtu. Walimlaza kifudifudi, askari mmoja akamkalia mgongo, mwingine akashika miguu, wa tatu akaanza kumpiga nyayo kwa kitako cha bunduki. Nilisikia vidole vikivunjika. Ni sauti ndogo, kama mtu anavunja vijiti vya kuwashia moto. Papa Maziwa alilia kwa lugha ya kwao akimwita mama yake, yeye mwenye mvi. Damu iliingia katika matundu ya lava ikapotea. Majirani wote waliangalia ardhi. Wakamgeuza, mmoja akaikoki bunduki.

Nikaona wanamuonea. Kwa akili yangu, mtu anapigwa mpaka anauawa kwa sababu ya miguu michafu, na dawa iko hapo hapo, hatua ishirini, nyuma ya nyumba yetu! Nilivuka barabara mbio, nikamvuta yule mkubwa shati.

"Papa, musimupige. Mama anajua kuitosha."

Akainama hadi uso wake ukawa sawa na wangu. Alinuka karanga. "Kutosha nini, mutoto yangu?"

"Hiyo pete. Hiyo ya mabote. Yaya yangu alikuwa nayo, mubaya kushinda hii. Mama alisugua siku tisa ikaisha. Mumupeleke kwetu tu, atakuwa safi."

Mkubwa aliinua mkono, na yule aliyekoki bunduki akaishusha. Akanipa karanga, kiganja kizima. Nikazipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

"Yaya yako ni nani?"

Nilinyoosha kidole. Tena nilikuwa nacheka.

Alirudi kwenye mstari bila haraka, akapiga goti mbele ya Yaya Janvier, akaushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili, akauinua mpaka puani. Akanusa. "Kaliptusi," akasema kwa nguvu, avenue nzima ikasikia.

Yaya aliniangalia. Ningependa kusema aliniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayetaka kusema jambo na hana muda. Kisha akampiga yule mkubwa goti la uso, akakimbia.

Wale wote waliokulia Goma wanajua kukimbia pekupeku juu ya lava. Nyayo zetu ni ngumu, tunaruka kama mbuzi. Yaya alikuwa akitushinda wote zamani. Lakini siku ile alikuwa na nyayo za siku tisa. Alipiga hatua labda thelathini, nikaona anachechemea, nikaona mawe yanabaki mekundu nyuma yake, kisha akaanguka kwa magoti. Walimfikia bila hata kukaza mwendo. Walimpiga kwa mabuti, kwa vitako, kwa jiwe. Mama alitoka nyumbani akipiga kelele isiyo na maneno, askari akamsukuma mlango usoni, jino lake likaruka. Wakamtupa Yaya nyuma ya gari, wakashika barabara ya Sake. Mimi nilikuwa bado nimekumbata karanga.

Siku ya pili Mama na shangazi walimkuta Lac Vert, kwenye njia ya Sake, katika shimo la mawe, na wengine wanne. Uso haukuwepo tena. Mama alipita juu ya maiti akiangalia miguu tu, akafika kwenye miguu yake akaketi. "Ni huyu," akasema. "Hii ni kazi yangu." Shangazi ndiye aliyenisimulia, na alisema bado ilikuwa inanukia.

Tulimzika. Jumatatu iliyofuata nikarudi shule, na direktere akatupanga mstari. Akafika kwangu. "Muone huyu," akasema, watoto wakapiga makofi. Nilitazama ile safu ya miguu, michafu na misafi. Waliopigwa fimbo walikuwa wanajisugua mashavu ya miguu na kurudi darasani, wanachekana. Hakuna aliyepandishwa gari. Hapo ndipo nikaelewa, nimesimama pale na viatu mkononi, na mkojo ukanishuka miguuni mbele ya shule nzima.

Jioni ile Mama aliniita nyuma ya nyumba. Uso wake ulikuwa bado umevimba. Kutoka kwenye ule ufa alikuwa ameona kila kitu ila kidole changu, maana mgongo wa mkubwa ulinificha, na kwa kelele za Papa Maziwa hakuwa amesikia.

"Ulimwambia nini yule mutu?"

"Nilimwambia asimupige Papa Maziwa."

"Ni vile tu?"

"Ni vile tu, Mama."

Akanivuta akanikumbatia, yeye ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia. "Uko na roho nzuri," akasema juu ya kichwa changu. "Basi ni mafuta yangu. Niliona vile alimunusa. Ni mafuta yangu ilimuuza mutoto yangu. Na mawe ingemuacha, kama singemulainisha."

Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kuufungua. Nilisimama pale, pua yangu katika kitenge chake, nikanyamaza.

Alichukua shoka akaitoboa ile sufuria. Vichupa alivipanga juu ya lava akavipondaponda kwa jiwe, harufu ikakaa katika nyumba yetu mwezi mzima, mpaka mbao zilinuka. Tangu siku ile hakugusa mguu wa mtu. Wanawake wa mizigo walikuja, akawafukuza kwa matusi. Na miguu yake mwenyewe aliikataa. Hakuipaka kitu, siagi wala mafuta yoyote. Ilipasuka, ikatoka damu, ikafunga vumbi, ikapasuka tena. Mimi nilipokua nilimletea pomadi ya dukani, isiyo na harufu. Aliitupa barabarani. "Acha ipasuke," alisema. "Ilifaa yake ipasuke pia."

Papa Maziwa alipona, kwa kuchechemea. Kila Jumapili, mpaka alipokufa, alileta lita moja ya maziwa. "Ya mutoto aliyeniponya," alitangaza mlangoni, avenue isikie. Mama alinimiminia kikombe akasimama juu yangu. "Kunywa. Uliponya mutu." Nilikunywa. Halafu nilikwenda nyuma ya choo nikatapika. Jumapili zote za utoto wangu ziko hivyo, na mpaka leo sijaonja maziwa nikayaacha tumboni.

Kuna watu watasema nilikuwa mtoto. Najua nilikuwa mtoto. Lakini nilipokuwa na ishirini sikuwa mtoto, na thelathini, na arobaini. Kila nilipoona anashika ukuta kutembea nilisema, leo nitamwambia. Nilikuwa nikienda hadi mlangoni kwake. Ananiita roho nzuri, narudi. Hasira zangu zote, makelele yangu yote kwa mume na watoto, ni pale zinatoka, siwadanganyi.

Alikufa asubuhi, usingizini. Wanawake wa ukoo walijaa chumbani kumwosha, na shangazi, ambaye sasa ni mzee wa kushikwa mkono, akagawa kazi. "Weye ni mutoto wake. Osha miguu."

Nilikwenda kuchukua lile jiwe la volkano. Mama alidhani alilitupa. Nililificha nikiwa na miaka minane, sijui kwa nini. Nikapiga goti. Magaga yake yalikuwa na kina cha kucha nzima, na ndani yake vumbi jeusi la miaka yote ile limeganda. Nilisugua polepole, kidogo kidogo, kisigino kimoja, kisha cha pili. Maji yakawa meusi. Wengine walikuwa wanaimba kichwani pake, nami nikainama mpaka mdomo wangu ukagusa unyayo.

"Mama, haikuwa mafuta," nikasema. "Ni mimi. Nilimuonyesha na kidole."

Shangazi aliacha kuimba. "Unamwambia nini?"

Nilimtazama yule mzee, macho yake mekundu, amebakiwa na mimi tu katika dunia hii.

"Namwambia maji ni ya moto."

Shangazi akaingiza mkono katika beseni.

"Mbona ni ya baridi," akasema.